Renji 0.08, lakini 0.08 ya nini?

Rafiki yangu mmoja, tumewahi kufanya kazi pamoja, alinitumia ramani ya floridi kwenye maji ya visima. Ramani nzuri kweli, rangi zimepangika, mpaka umekatwa vizuri, na pembeni ameweka variogramu yake, ule mchoro unaoonyesha thamani zinavyozidi kutofautiana kadri sampuli zinavyoachana. Aliomba tu nimwambie kama rangi zinasomeka. Zinasomeka. Halafu jicho likashuka kwenye kamstari kadogo chini ya variogramu: modeli ya sferikali (umbo la mstari uliofitiwa), nageti (tofauti iliyopo hata sampuli zikikaribiana kabisa) kiasi fulani, sili (kiwango ambapo tofauti inaacha kupanda) kiasi fulani, renji (umbali ambao ukiupita sampuli hazihusiani tena) 0.08.

0.08 ya nini?

Nilimuuliza, akajibu hapohapo kwamba ndivyo programu ilivyotoa. Na ni kweli, ndivyo ilivyotoa. Lakini jibu hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, nalala nalo naamka nalo, kwa sababu linagusa msingi wa kazi yote ya kukadiria thamani kati ya sampuli na sampuli kwa njia inayoitwa krigingi, na naona sisi tunaofanya hii kazi tunaupita huo msingi mbio mno.

Duara lililogeuka yai

Kwenye ramani yake kulikuwa na madoa ya floridi nyingi yaliyorefuka kaskazini kwenda kusini. Alishaanza hata kuandika maelezo, kwamba maji ya ardhini yanaelekea kusini ndo maana floridi imeburutwa kuelekea huko. Maelezo yanaingia akilini kabisa, sidhani kama mtu wa haidrolojia angeyapinga.

Nikamwomba anitumie na ramani ya variansi, inayoonyesha makadirio yanaweza kukosea kiasi gani kila mahali.

Hii ramani ya variansi wengi tunaitupia jicho sekunde mbili halafu tunaiweka kwenye kiambatisho, wakati mimi naona ndo sehemu inayoongea wazi zaidi. Ukishaishika variogramu mkononi, variansi ya krigingi haiangalii tena thamani ulizopima. Inaangalia visima vimekaaje na variogramu inasemaje, basi. Floridi ya kisima iwe ndogo au iwe kubwa kupita kiasi, variansi pale haisogei. Kwa hiyo ukitaka kujua programu inauonaje umbali, angalia hapo, maana kila kitu kingine kimeondolewa.

Upande wa mashariki wa ramani kulikuwa na kisima kimoja kimejitenga, hakina jirani wa karibu. Kwa modeli isiyo na mwelekeo maalum, mistari ya variansi ikizunguka kisima cha namna hiyo inatakiwa itoe duara. Pale palikuwa na yai. Nikalipima kwenye skrini, urefu wa kaskazini-kusini gawa kwa upana wa mashariki-magharibi, nikapata 1.55 hivi.

Eneo lenyewe liko latitudo ya 50. Kosaini ya digrii 50 ni 0.643, na moja ukigawa kwa 0.643 unapata 1.56.

Maji ya ardhini hayana sababu yoyote ya kufuata kosaini ya latitudo.

Kumbe 0.08 ilikuwa digrii. Na digrii si kipimo kimoja, hapo ndo penye shida yote. Latitudo ya 50, digrii 0.08 kwenda kaskazini ni kama kilomita 8.9, ila digrii hizohizo 0.08 kwenda mashariki ni kama kilomita 5.7. Programu iliambiwa kisima kilichoko kilomita 8.9 kaskazini na kile kilichoko kilomita 5.7 mashariki viko mbali sawasawa, ikavipa uzito sawa, na ikachora ulimi mrefu wa floridi kuelekea kusini ambao nusu yake ni jiometri tu.

Kwa nini hakuna kilicholalamika

Hili ndo lililonisumbua kuliko yote. Hakukuwa na ujumbe wa kosa wala onyo la njano. Faili lilikuja kama CSV, safu ya x na safu ya y, likasomwa bila kutajiwa mfumo wa kodineti, na programu ikafanya kitu pekee inachoweza kufanya kwa namba zisizo na jina, yaani ikatumia Pythagoras. Angeitambulisha tu data kuwa ni EPSG:4326, namba ya mfumo wa kawaida wa longitudo na latitudo, gstat, kifurushi cha krigingi ndani ya programu ya R, ingejua hizi ni longitudo na latitudo, ingepima umbali kwa duara kuu la dunia, yaani kufuata mviringo wa uso wake, na renji ingetoka kwa kilomita. Tofauti yote ni mstari mmoja wa kodi ambao haukuandikwa.

Danie Krige aliandika kazi yake ya 1951 kuhusu dhahabu ya Witwatersrand kule Afrika Kusini, na Georges Matheron alipokuja kuijengea nadharia kamili miaka ya 60, umbali kati ya sampuli na sampuli ulikuwa ndo malighafi ya hesabu nzima. Kila seli ya matriksi ya krigingi ni umbali uliopitishwa kwenye variogramu. Ukiharibu umbali, matriksi haitajua. Itageuzwa kama kawaida, itatoa makadirio, na itatoa na variansi yake juu, imejaa kujiamini.

Na sisi tunaitumia variansi hiyo kama ushahidi kwamba kazi imekaa sawa.

Basi, ina madhara kweli?

Hapa nilikwama siku kadhaa, kwa sababu nilipoanza kulifuatilia hili jambo nilikuta hoja nzito upande wa pili na sikutaka kuipita.

Chukua data ya Meuse, ile ambayo karibu kila aliyejifunza krigingi kwenye R ameipitia: sampuli 155 za udongo kando ya mto Meuse kule Uholanzi, gridi ya mita 40 kwa 40. Logi ya zinki ukiifiti kwa modeli ya sferikali unapata nageti 0.05, sili ya sehemu (sili ukitoa nageti) 0.59, renji mita 897. Sasa geuza mita zote ziwe kilomita. Renji inakuwa 0.897, na ramani ni ileile, namba kwa namba. Uzito wa krigingi unategemea umbali ukilinganishwa na renji, hivyo ukizidisha umbali wote kwa namba moja, renji nayo ikifuata, hakuna kinachobadilika.

Peleka data hiyohiyo kwenye Web Mercator, EPSG:3857, ile ya ramani za mtandaoni. Kila mtu anasema usifanye hesabu kwenye Web Mercator, na mimi nimesema hivyo mara nyingi tu. Kule Meuse, karibu na latitudo ya 51, Web Mercator inavuta umbali kama mara 1.59, lakini inauvuta karibu sawa pande zote. Renji itaonekana kama mita 1,420. Ramani ya makadirio? Haitofautiki kwa macho.

Kwa hiyo lile onyo tunalopeana, kwamba projeksheni mbaya, yaani njia mbaya ya kulaza dunia kwenye ramani bapa, inaharibu krigingi, halisimami hivihivi. Ilibidi nilifikirie upya, na nilipofika naona hivi: kinachoharibu makadirio ni mvuto usio sawa. Kitambaa ukikivuta pande zote kwa kipimo kimoja, maua yake yanakua tu ila umbo linabaki, ukikivuta upande mmoja maua yanapinda. Digrii zinavuta upande mmoja. Kule Meuse renji ya mita 897 ukiiandika kwa digrii inakuwa kama 0.008 kaskazini-kusini na 0.013 mashariki-magharibi, na variogramu isiyo na mwelekeo italazimika kuchagua namba ya katikati ambayo si kweli kwa upande wowote.

Mtego wa karibu na ikweta

Kuna kitu nilikuwa nakijua kwa nadharia ila sikuwa nimekiweka kwenye uzito wake. Pale ikweta, digrii moja ya longitudo ni kama kilomita 111.3 na ya latitudo ni kama 110.6. Karibu sawa kabisa. Mtu anayefanya krigingi kwa digrii kwenye eneo dogo karibu na ikweta anapata ramani sahihi, akiilinganisha na iliyofanywa kwa mita haoni tofauti, na ana haki ya kusema sasa mnanisumbua nini.

Halafu skripti ile inahama. Inapewa mtu mwingine, inapelekwa kwenye data ya latitudo ya 50 au 60, na kule 60 digrii ya longitudo imeshabaki nusu ya digrii ya latitudo. Skripti haijabadilika hata herufi moja.

Ndo maana siku hizi mtu akiniambia njia fulani "imeshajaribiwa" nauliza ilijaribiwa latitudo gani.

Ramani mbili bapa

Kuna aina nyingine ya tatizo ambayo ni rahisi kuiona lakini ngumu kuielewa, nayo ni ramani kutoka rangi moja. Unasubiri madoa na miteremko, unapata ubao uliopakwa rangi moja mwanzo mwisho. Mara nyingi vipande vya kazi haviongei lugha moja, kimoja kiko kwenye mita kingine kwenye digrii.

Ila kuna bapa mbili na hazifanani, hapa naomba tukae kidogo.

Bapa ya kwanza: sampuli ziko kwenye mita, variogramu iko kwenye mita, gridi ya kutabiria iko kwenye digrii. Gridi inakaa karibu na nukta sifuri, sampuli ziko mamia ya maelfu ya mita kutoka hapo, hakuna sampuli hata moja iliyo ndani ya renji. Krigingi inafanya jambo la busara, inarudi kwenye wastani, na variansi inapanda mpaka kwenye sili na kuzidi kidogo. Yaani inakwambia sijui.

Bapa ya pili: variogramu ilifitiwa kwenye mita, renji 897, halafu mtu kaibandika kwenye sampuli na gridi ambazo zote ziko kwenye digrii. Sasa umbali wote ni 0.01, 0.02, na renji ni 897. Kwa programu visima vyote viko sehemu moja. Nayo inatoa wastani, ramani bapa vilevile, ila variansi inashuka mpaka karibu na nageti, kama 0.05 kwa ule mfano wa Meuse badala ya 0.6 na zaidi. Yaani inakwambia nina uhakika kila mahali.

Ramani moja, makosa mawili, na variansi ndo inayokwambia ni lipi. Kama hapo nageti ingekuwa sifuri, matriksi nayo ingekaribia kutogeuzika na ungeanza kuhangaika na ujumbe wa *singular* ukidhani tatizo ni hesabu.

Huo ujumbe una chanzo kingine kinachotoka hukuhuku kwenye kodineti, yaani kukata desimali. Mtu kafungua faili kwenye spredishiti, kodineti zikabaki na desimali mbili. Digrii 0.01 ni kama kilomita 1.1 kaskazini-kusini, kwa hiyo visima vitatu vya kijiji kimoja vinaangukia nukta moja, vina thamani tofauti na umbali sifuri. Wengi wanatatua kwa kufuta zilizojirudia au kuzisogeza kidogo kwa bahati nasibu, programu inanyamaza, kazi inaendelea. Lakini hata visima ambavyo havikugongana navyo vimesogezwa mamia ya mita, na msogeo huo unaingia kwenye variogramu ukijifanya nageti. Unaishia kuandika kwamba floridi inabadilika sana kwa umbali mfupi, kumbe ni faili lililokatwa. Rudi kwenye faili la kwanza kama lipo.

Mita milioni kumi

UTM, projeksheni inayoigawa dunia kwenye kanda, tunaipenda kwa sababu ni mita na ndani ya kanda yake inapinda kidogo sana, umbali unazidishwa kwa 0.9996 kwenye meridiani ya kati (mstari wa katikati ya kanda) na kama 1.001 ukifika ukingoni pale ikweta. Hiyo kwa krigingi si kitu. Shida ni mipaka. Kuna kanda 60, kila moja digrii 6, na kila moja inaanza kuhesabu upya: meridiani ya kati inaitwa mita 500,000 kila mahali. Na kusini mwa ikweta hesabu ya kaskazini inaongezewa mita 10,000,000 ili isiwe hasi.

Sasa visima viwili vya jirani, kimoja mita 100 kaskazini mwa ikweta kingine mita 100 kusini. Kimoja kina northing, yaani hiyo hesabu ya kaskazini, ya kama 100, kingine 9,999,900. Viko mita 200 tu kwa miguu, kwenye jedwali viko kilomita 10,000. Ukizichanganya safu hizo bila kuangalia kanda, ramani inatoka na mkato ulionyooka kama rula kwenye mstari wa ikweta, na kila upande unakadiriwa kama vile upande wa pili haupo duniani.

Dawa yake si ngumu, chagua kanda moja kwa data yote. Northing hasi haimuumizi mtu, wala inayozidi milioni kumi. Krigingi inataka tofauti tu kati ya namba na namba.

Na hapa mantiki ya kitambaa inarudi kwenye datamu pia, yaani msingi ambao kodineti zinapimiwa. Japani ilipohama kutoka datamu ya Tokyo mwaka 2002, kodineti maeneo ya Tokyo zilisogea kama mita 450. Kama sampuli zako zote zimesogea pamoja, krigingi haitahisi. Kama nusu zimechukuliwa kwa GPS kwenye datamu ya WGS84 na nusu zimesomwa kwenye ramani ya zamani, umechana data katikati, na variogramu ya umbali mfupi imekufa. Vilevile kama unatumia umbali kutoka mtoni kama kigezo cha kusaidia, sampuli zikasogea mto ukabaki, kigezo chako kinapima kitu kingine.

Kubandika lebo na kubadilisha

Hili nalipita haraka kwa sababu limeandikwa sana. Kwenye programu ya ramani ya QGIS kuna kuipa leya projeksheni na kuna kuigeuza leya kwenda projeksheni nyingine, kwenye kifurushi cha sf cha R kuna `st_set_crs` na `st_transform`. Ya kwanza inabandika jina, ya pili inakokotoa namba upya. Ukibandika jina la UTM juu ya digrii unapata visima vyote ndani ya eneo la mita chache, na leya itaonekana ina kila kitu kinachotakiwa. Na EPSG:4326 kwa kanuni yake inataja latitudo kwanza, wakati programu nyingi zinataka x yaani longitudo kwanza. Zikibadilishana nafasi, longitudo ikasomwa kama latitudo na kuzidi 90, utaonywa. Kama longitudo zako ni ndogo, hakuna atakayekuonya.

Namba inayoondoka peke yake

Narudi kwenye Web Mercator, maana nilisema ramani haiharibiki na ningeweza kuachia hapo. Niliachia hapo kama siku mbili.

Halafu nikafikiria ile renji inakwenda wapi. Ramani inabaki kwenye ripoti, ila renji inanyofolewa na kusafiri. Mtu anayepanga sampuli za msimu ujao anauliza visima vya kuangalia vikae umbali gani, anaangalia renji, anasema tukae nusu ya renji. Latitudo ya 60, Web Mercator inazidisha umbali mara mbili. Renji ya kweli ni kilomita moja, ripoti inasema mbili, mtandao mpya wa visima unapangwa kwa kilomita moja moja na unakaa palepale uhusiano unapoisha. Kati ya kisima na kisima hakuna anayejua kitu, na hilo pengo halikutokana na ufinyu wa bajeti wala ugumu wa ardhi.

Kwa mtu anayekunywa yale maji hilo si jambo la nadharia.

Rafiki yangu aliigeuza data kwenda UTM, akafiti upya, renji ikatoka kilomita saba na ushee. Ndimi nyingi za floridi zilifupika. Moja ilibaki, ndefu vilevile, na hiyo sasa anaifuatilia kwa variogramu za mielekeo, kila digrii 45, kuona kama kweli kuna mkondo. Huenda upo. Safari hii anao msingi wa kuuliza.

Eneo likiwa kubwa kupita kanda

Swali ambalo bado nalizungusha ni la data inayofunika nusu bara. Gauss alishaonyesha tangu miaka ya 1820 kwamba uso wa tufe haulaliki kwenye bapa bila kuharibu umbali, kwa hiyo hakuna projeksheni ya kutafuta itakayokuokoa, zipo tu zenye hasara ndogo kwa umbo la eneo lako. Wengi wanasema basi tumia umbali wa duara kuu. Sawa, lakini si kila modeli ya variogramu inakubalika kwenye tufe. Ya eksponenshali inakubalika, ya sferikali pia. Modeli ya Gauss, ambayo watu wanaipenda kwa ramani zake laini, haikubaliki kwa umbali wa duara kuu, na unaweza kukutana na variansi hasi bila kuelewa imetoka wapi. Njia ambayo mimi nimeielemea ni kugeuza kodineti kuwa x, y, z za ndani ya dunia na kupima umbali ulionyooka kupita chini ya ardhi. Modeli zote za kawaida za pande tatu zinabaki halali, na kwa umbali wa kilomita mia chache tofauti na duara kuu ni ndogo mno.

Yeyote anayenitumia ramani ya krigingi siku hizi namwomba vitu vitatu kabla sijaangalia rangi: kipimo kwenye mhimili wa chini wa variogramu, ramani ya variansi karibu na sampuli iliyojitenga, na umbali kati ya sampuli mbili anazozifahamu, uliokokotolewa na programu ileile, kwa kodineti zilezile zilizoingia kwenye krigingi.

Hicho cha tatu ni mstari mmoja wa kodi. Ikitoka 0.03 wakati anajua ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, tunaanzia hapo.